Msimu wa Nyangumi Watamu

Kila mwaka kati ya Julai na Septemba, kusi likiwa bado linavuma, nyangumi-nundu hufika pwani ya Kenya wakitokea bahari baridi zinazoizunguka Antaktika. Safari hiyo inapita kilomita 6,000 kwa upande mmoja. Huko kusini hula krili, viumbe wadogo wanaofanana na kamba, mpaka wajijaze mafuta mazito chini ya ngozi. Wakishaanza safari ya kuja kaskazini, karibu hawali kabisa. Kinachowaleta ni maji ya vuguvugu, ambamo hupandana, huzaa na hunyonyesha.

Watamu, katika Kaunti ya Kilifi, ni miongoni mwa mahali pazuri pa kuwatazama. Nje ya mwamba wa matumbawe sakafu ya bahari hushuka upesi, hivyo wanyama wa maji makuu hupita si mbali na ufuko. Boti huondoka asubuhi na mapema, kabla upepo haujapata nguvu. Bahari ikichafuka na mawimbi yakaanza kuvunjika, pumzi ya nyangumi haitambulikani tena katikati ya mapovu.

Mwanzo wa safari huwa ndani ya mwamba, katika maji matulivu ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968. Hapa kasa wa kijani hula majani ya bahari, na ng'amba hudonoa sifongo kwenye matumbawe. Nahodha huangalia maji na mawimbi, kisha huipitisha boti kwenye mlango wa mwamba. Baada ya hapo rangi hugeuka kutoka kijani kibichi hadi buluu iliyokoza, na kazi ya kutazama huanza. Kila abiria hupewa upande wake, maana bahari ni pana na nyangumi huonekana kwa sekunde chache tu.

Dalili ya kwanza ni pumzi. Nyangumi si samaki. Ni mamalia mwenye damu moto na mapafu, na pua yake ina matundu mawili juu ya kichwa. Anapoibuka hutoa hewa kwa nguvu, na mvuke hupanda mita kadhaa juu kama kichaka cheupe. Kisha huonekana mgongo na pezi dogo lililokaa juu ya nundu iliyompa jina. Mgongo ukipinda na mkia ukainuliwa wote nje ya maji, ni ishara kwamba anazama kwenda chini, na huenda ikapita robo saa kabla hajaibuka tena. Mama mwenye mtoto huonekana mara nyingi zaidi, kwa kuwa mtoto hawezi kubana pumzi kwa muda mrefu.

Nyangumi-nundu mzima hufikia urefu wa mita 13 hadi 16 na uzito wa tani 30 hivi. Mapezi yake ya ubavuni hukaribia theluthi ya urefu wa mwili. Mnyama wa ukubwa huo akichupa nje ya maji na kuanguka kwa ubavu, kishindo husikika mbali. Huenda hiyo ni njia ya kupelekeana habari, au ya madume kushindana. Madume pia huimba. Mwaka 1971 watafiti Roger Payne na Scott McVay walionyesha katika jarida la Science kwamba sauti hizo hupangwa na kurudiwa kwa utaratibu, kama wimbo wenye beti. Boti ikizima injini na kuteremsha kinasa sauti cha majini, wimbo huo husikika hata pale ambapo uso wa bahari hauonyeshi kitu.

Si nyangumi peke yao wanaoonekana. Pomboo hucheza mbele ya boti, membe wakikusanyika juu ya maji huonyesha palipo na samaki, na mara nyingine sulisuli huruka. Ikija kaskazi, papa potwe naye huonekana. Yeye ni samaki halisi, japo ukubwa wake huwafanya wengi wamdhanie nyangumi. Mkia wake umesimama wima na huupiga kushoto na kulia, ilhali wa nyangumi umelala na hupigwa juu na chini.

Picha zinazopigwa siku hiyo zina kazi. Upande wa chini wa mkia wa kila nyangumi-nundu una madoa meupe na meusi yasiyofanana na ya mwingine, kama alama za vidole. Kwa kulinganisha picha, watafiti hutambua nani amerudi na amepita wapi. Kumbukumbu hizo ni muhimu kwa sababu wanyama hawa walikaribia kumalizika. Katika karne ya 20 zaidi ya nyangumi-nundu 200,000 waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi, na tangu 1986 uwindaji wa kibiashara ulisimamishwa kimataifa. Idadi yao imeongezeka sana, lakini nyavu, meli na kelele za injini bado ni hatari. Pwani ya Oman lipo kundi dogo la nyangumi-nundu wasiohama, wanaokadiriwa kuwa chini ya 100, na hao bado wako ukingoni.

Kwa hiyo nahodha mwema hafukuzi. Hupunguza mwendo mapema, hukaa umbali wa mita 100 au zaidi, husogea akiwa sambamba na mnyama, hamkatizi njia wala hajiweki kati ya mama na mtoto. Akiona nyangumi anabadili mwelekeo mara kwa mara au anazama kwa haraka, huondoka.

Sababu ya masharti hayo ni njaa ya mama. Maziwa anayotoa ni mazito kwa mafuta, na mafuta hayo yote yanatoka kwenye akiba aliyokuja nayo kutoka kusini. Kila anapolazimika kukimbia boti, hutumia sehemu ya akiba ambayo hawezi kuijaza mpaka arudi kwenye krili. Msimu ukiisha, mama na mtoto huanza pamoja safari ya kurudi. Mtoto huivuka bahari hiyo kwa nguvu ya maziwa aliyoyanyonya kwenye maji ya vuguvugu, wakati boti zilipokaa mbali.