Njiti wa Chekereni na Njiti wa Sumbawanga

Hebu fikiria. Ni saa nane usiku, Chekereni, kule kwenye majaruba ya mpunga. Dada yako amejifungua kabla ya siku zake. Mtoto ana kilo moja na nusu tu. Mnafanyaje?

Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba tunamwita njiti. Mapafu yake hayajakomaa, mwili hauna mafuta ya kutunza joto, na mara nyingi hana nguvu ya kunyonya. Anahitaji wodi maalumu ya watoto wachanga: oksijeni, mashine ya kumsaidia kupumua, mpira mwembamba wa kumlishia maziwa, na wauguzi wa kumwangalia usiku na mchana.

Tatizo ni kwamba wodi kama hizo haziko kila mahali. Mtoto akizidiwa, hupewa rufaa kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, ya mkoa, mpaka ya kanda. Nyie wa Chekereni mna bahati, maana hospitali ya kanda, KCMC, iko hapo hapo Moshi tangu 1971. Mwenzenu wa Sumbawanga akiambiwa aende ya kanda, ni Mbeya, zaidi ya kilomita 300! Na njiani, baridi peke yake inaweza kumuua njiti.

Sasa je, tukae tu? Hapana! Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, inkubeta zilikuwa hazitoshi. Madaktari wakaanza kuwaweka njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Hii ndiyo njia ya kangaruu. Mwaka 2021, utafiti uliofanyika kwenye hospitali za nchi 5, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa ukianza mara tu mtoto anapozaliwa, badala ya kusubiri hali yake itulie, vifo hupungua kwa robo.

Fanya hivi:
- Mkaushe mtoto. Mvalishe nepi, kofia na soksi tu.
- Mweke wima katikati ya matiti ya mama, uso umegeukia upande, pua wazi.
- Mfunge kwa khanga, kisha mama avae nguo juu. Mama akichoka, baba au bibi ampokee.

Lakini angalia: kangaruu si badala ya hospitali! Mbebeni hivyo huku mnakwenda, usiku huo huo.

Na wewe unayesoma sayansi, kumbuka yule wa Sumbawanga. Wodi zikijengwa huko, nani atakwenda kuzifanyia kazi?