Kigae Kikibanduka, Tazama Mgongo Wake Kwanza

Mkazi anapoamua kuweka vigae sebuleni, mara nyingi huwa ameweka akiba kwa miezi mingi au amechukua mkopo wa chama. Kisha, kabla mwaka kuisha, kigae kimoja kinaanza kucheza chini ya mguu, kingine kinalia kitupu kikigongwa, na mtoto anajikwaa ukingoni. Lawama huenda kwa gundi. Mfuko mwingine unanunuliwa, kigae kinabandikwa palepale, na baada ya muda mfupi kinatoka tena.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, ng'oa kigae kilicholegea, kigeuze, na utazame mgongo wake pamoja na sakafu. Pale gundi ilipokataa kushika ndipo penye kosa.

Gundi yote imetoka na kigae, sakafu imebaki tupu

Hapa sakafu ndiyo iliyokataa gundi. Huenda ilikuwa na vumbi, mafuta au rangi. Nyumba nyingi za zamani zina sakafu nyekundu iliyopakwa nta kwa miaka, na gundi haishiki juu ya nta. Dondosha matone ya maji sakafuni. Yakisimama kama shanga bila kunywewa, sakafu hiyo inahitaji kukwaruzwa au kutindwa hadi saruji yenyewe ionekane, kisha ifagiliwe na kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Sakafu mpya nayo huhitaji muda. Zege huachwa siku 28 lipate nguvu. Ukishuku kuwa unyevu unapanda kutoka ardhini, bandika kipande cha plastiki sakafuni, uzibe kingo zake zote kwa utepe, na ukiache kwa saa 24. Ukikuta matone ya maji chini yake, usiweke vigae bado.

Gundi imebaki sakafuni, mgongo wa kigae ni safi

Sababu ya kwanza ni gundi kukauka juu kabla kigae hakijawekwa. Gundi nyingi za saruji hubaki tayari kupokea kigae kwa takriban dakika 20 tu baada ya kupakwa, na muda huo hupungua penye jua kali au upepo. Paka eneo dogo, kama mita moja ya mraba, kisha uliguse kwa kidole. Ikiwa gundi hainati kidoleni, ikwangue na uitupe.

Sababu ya pili ni aina ya kigae. Vigae vya poseleni ni vigumu na hunywa maji kidogo sana, chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Uji wa saruji tupu, ambao baadhi ya mafundi bado huutumia, hushika kwa kuingia katika vitundu vya kigae, na poseleni karibu haina vitundu. Nunua gundi ambayo mfuko wake unasema wazi kuwa inafaa poseleni. Pia pangusa unga mweupe ulio mgongoni mwa kigae kabla ya kukiweka.

Mistari ya mwiko bado imesimama, au kuna mafundo tu

Kigae hakikushindiliwa. Tatizo hili huonekana pia fundi anapoweka mafundo matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, ili kuokoa gundi. Nafasi tupu zinazobaki ndizo zinazolia, na kitu kizito kikianguka hapo, kigae hupasuka.

Tumia mwiko wenye meno na upake mistari ikielekea upande mmoja. Weka kigae, kisukume mbele na nyuma kukata mistari hiyo, kisha ukigonge kwa nyundo ya mpira. Kwa vigae vikubwa kama vya sentimita 60 kwa 60, paka pia gundi nyembamba mgongoni. Mara kwa mara inua kigae kimoja ukague: ndani ya nyumba gundi ifunike angalau asilimia 80 ya mgongo, na asilimia 95 bafuni au nje.

Gundi inapukutika kama unga

Ilitiwa maji mengi, iliongezwa maji ilipoanza kukauka, au mfuko ulikuwa wa zamani. Mfuko wenye madonge magumu usiutumie. Fuata kipimo kilichoandikwa: tia maji kwanza, kisha unga, koroga, acha kwa dakika tano, koroga tena. Usikanyage vigae wala kujaza mianya kabla ya saa 24 kupita.

Vigae kadhaa vimeinuka pamoja kama paa la hema

Vilibanwa. Vigae hutanuka, na visipopata nafasi husukumana juu. Acha mwanya wa milimita 5 hadi 10 kando ya kuta. Vigae vya ukutani vya chini vitauficha. Kati ya kigae na kigae acha milimita 2 hadi 3.

Unaporekebisha

Toa gundi yote ya zamani, sakafuni na mgongoni mwa kigae, maana gundi mpya juu ya gundi iliyolegea hutoka nayo. Vumbi la saruji hudhuru mapafu, na saruji mbichi huunguza ngozi. Vaa barakoa, glavu na miwani, na lowesha kidogo mahali unapokwangua.

Linda fedha zako

Unaponunua gundi, tafuta alama ya ubora ya KEBS, na uhifadhi risiti pamoja na mfuko mmoja mtupu. Muulize fundi kama ana cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA, na mwandikiane bei, aina ya gundi na nani atagharamia marekebisho. Usilipe salio siku ya mwisho ya kazi. Subiri gundi ikauke, kisha ugonge kila kigae kwa sarafu, pembe zote nne na katikati. Kinacholia kitupu kirudiwe kabla hujalipa.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na si lazima uwe na wakili. Risiti, makubaliano yenu na picha za mgongo wa kigae ndio ushahidi wako.