Ming'oko Ina Wateja Mtandaoni

Mpishi wa Masasi au Newala, mkoani Mtwara, anayetaka wafuasi Instagram au TikTok hana haja ya kuiga pilau ya Dar es Salaam, ambayo wapishi wengi wameshaionyesha. Mtaji wake ni kile ambacho wengine hawana: ming'oko, mizizi inayochimbwa porini na kuchemshwa, na korosho inayobanguliwa kwa uangalifu kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi. Video fupi ya ubanguaji huo humfundisha mlaji wa mjini jambo asilolijua, na mtu aliyefundishwa hupenda kuwaonyesha wenzake.

Wapo watakaosema kwamba bando ni ghali na vyakula hivi ni vya msimu. Ni kweli, lakini video hurekodiwa bila bando na kutumwa baadaye. Na msimu wa korosho, unaoshika kasi Oktoba, humpa mtazamaji sababu ya kusubiri. Wengine wanahofu kwamba wafuasi hawalishi familia. Hawalishi, mpaka wageuzwe wanunuzi kupitia WhatsApp, bei ikiwa wazi na mzigo ukifika. Mpishi wa Masasi au Newala, anza na chakula cha kwenu.