Kusubiri Simu Pia ni Kazi: Panga Bei ya Zamu Yako

Saa nane usiku, Mji wa Kale umelala. Simu inalia. Ni meneja wa nyumba ya wageni karibu na Ndia Kuu: wageni wameshuka kutoka uwanja wa ndege na kompyuta ya mapokezi imekataa kuwaka. "Fundi, njoo saa hii." Fundi anavaa, anashika begi lake, na kwa vile gari haliingii kwenye vichochoro vile, anamalizia kwa miguu. Kumbe ni waya tu umeachia. Dakika kumi, kazi imeisha. Asubuhi anatumiwa shilingi 500.

Huyu ni fundi wa mfano tu. Lakini kama unatengeneza kompyuta, stima, AC au mifereji, na wateja wako wanataka upatikane saa zote, huenda umejiona hapo.

Zile 500 zimelipa dakika kumi. Je, nani amelipa usiku wote aliolala na simu kando ya mto, sauti juu, akiogopa kuikosa? Nani amelipa harusi aliyoondoka kabla ya chakula? Wahenga walisema subira huvuta heri. Sawa, lakini subira peke yake hailipi kodi ya nyumba.

Swali la kwanza: umefungwa kiasi gani?

Mwaka 2018, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Rudy Matzak, mzimamoto wa kujitolea katika mji wa Nivelles, Ubelgiji. Akiwa zamu, alitakiwa kufika kituoni ndani ya dakika 8 akiitwa. Mahakama ikasema kukaa nyumbani kwa masharti kama hayo ni muda wa kazi.

Hukumu hiyo haitumiki Kenya, lakini funzo lake linatufaa. Mteja akikwambia "fika ndani ya nusu saa", hata kuvuka kwenda Likoni kumsalimu mama ni shida. Ukikwama kwenye feri, nusu saa imeisha. Akisema "fika kabla ya asubuhi", una nafasi ya kupumua. Kadiri unavyobanwa, ndivyo bei ya kusubiri inavyofaa kupanda.

Gawa bei yako mara tatu

*1. Ada ya kusubiri.* Hii inalipwa hata simu isipolia. Tuseme saa yako moja ya kazi ni shilingi 500, na mmekubaliana kusubiri kulipwe sehemu moja ya kumi, yaani 50 kwa saa. Zamu ya saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 12. Kwa siku saba ni saa 84, sawa na shilingi 4,200 kwa wiki.

*2. Ada ya kuitwa.* Kanuni za mishahara za Kenya zinampa mwajiriwa anayepitisha saa zake mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu. Wewe wa mkataba wa kujitegemea hulindwi na kanuni hizo, lakini hakuna anayekukataza kuzitumia kama kipimo. Weka pia kiwango cha chini: kila ukiitwa, unahesabiwa saa mbili, hata kama ni waya ulioachia. Siku za kawaida hiyo ni 1,500. Jumapili na sikukuu ni 2,000.

*3. Nauli na vipuri.* Hizi zihesabiwe mbali. Usizimeze kwenye ufundi wako.

Sasa piga hesabu ya wiki nne. Kusubiri ni 16,800. Umeitwa mara tatu siku za kawaida, 4,500, na mara moja Jumapili, 2,000. Jumla ni shilingi 23,300. Yule fundi wa 500 kwa kila simu angepata 2,000 tu kwa simu zizo hizo nne.

Mteja akisema ni ghali?

Usikimbilie kushusha bei. Punguza saa. Zamu ikiishia saa nne usiku, ni saa 4 kwa siku, yaani 1,400 kwa wiki. Au gawaneni wiki na fundi mwenzako. Mteja analipa kile anachokihitaji kweli, na wewe unalala usingizi wako.

Muandikie mapema, kabla ya zamu kuanza:

"Assalam aleykum ami. Zamu yangu ni Jumatatu hadi Jumapili, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Kusubiri ni 4,200 kwa wiki, inalipwa Jumatatu. Nikiitwa ni 1,500, Jumapili na sikukuu 2,000. Nauli na vipuri mbali. Ukikubali, nijibu tafadhali."

Jibu lake la "sawa" lihifadhi. Ndiyo mkataba wenu wa kuanzia.

Acha simu iwe daftari lako

Mali bila daftari hupotea bila habari. Pokea malipo ya kazi kwa nambari ya biashara, yasichanganyike na pesa za sokoni. Ada ya kusubiri na ada ya kuitwa zilipwe mbalimbali, ili mwisho wa mwezi taarifa ya akaunti ikuonyeshe kila moja na tarehe yake. Andika pia saa uliyopigiwa na saa uliyomaliza. Kukiwa na ubishi, mtaangalia daftari badala ya kugombana.

Na ukitumiwa meseji ya malipo usiku wa manane, angalia salio lako kwanza kabla ya kuondoka, maana meseji za uongo zipo. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Wiki hii, kaa na karamu na karatasi. Hesabu saa ulizosubiri mwezi uliopita, kisha uzipe bei.