Kombe la Bega Likilegea, Mkono Hauna Nguvu

Nani asiyejua kazi ya mabega kijijini? Mama atwanga, ateka maji, afua nguo, na mtoto yupo mgongoni. Baba ashika jembe tangu alfajiri. Jioni utasikia, "Leo bega laniuma." Huchuliwa dawa kidogo, hulala, na kesho maumivu ni yale yale. Basi, wasomaji wapenzi, leo tuutazame mfupa mmoja ambao wengi hawaufikirii, nao ni kombe la bega.

Gusa nyuma ya bega la mwenzako, nawe utaliona: ni mfupa mpana, mwembamba, wenye pembe tatu, uliolala juu ya mbavu. Mfupa huo haukufungwa kwenye uti wa mgongo. Umeungana na mifupa ya kifua kwa njia ya mtulinga tu. Kazi yote iliyobaki ya kuushika ni ya misuli, nayo yapata 17. Unapoinua mkono juu ya kichwa, kombe nalo hugeuka: theluthi moja hivi ya mwendo ule ni yake.

Misuli hiyo ikilegea, mkono huwa kama mlango uliofungwa kwenye mwimo unaotikisika. Mlango ni mzima, lakini haufungi sawasawa. Ndoo ya lita 20 ina maji ya uzito wa kilo 20. Bega legevu litaitwikaje kila siku bila kuumia?

Mazoezi yafuatayo hayataki fedha wala chombo.

1. Kubana makombe. Kaa juu ya kigoda, mgongo wima, mikono imeteremka. Vuta makombe yote mawili nyuma na chini kidogo, kana kwamba wataka yakutane. Usipandishe mabega masikioni. Hesabu polepole hata tano, kisha legeza. Fanya mara 10.

2. Kusukuma ukuta. Chagua ukuta imara. Simama mbali nao kwa urefu wa mkono, viganja vikiwa ukutani usawa wa mabega. Kunja viwiko, ukaribie ukuta, kisha sukuma hata mikono inyooke. Usiishie hapo: sukuma kidogo tena, hata makombe yaachane. Nyongeza hiyo ndiyo yenye faida, kwa maana huamsha msuli wa mbavuni unaolizuia kombe lisichomoze nyuma kama bawa. Mara 10.

3. Kutelezesha mikono. Egemeza mikono ukutani toka kiwiko hata kiganja. Ipandishe polepole mpaka unapoweza bila maumivu, uishushe polepole vile vile. Mara 10.

4. Kulala kifudifudi. Lala juu ya mkeka, paji la uso likiwa juu ya kitambaa kilichokunjwa. Nyosha mikono pembeni kama msalaba, vidole gumba vikielekea juu. Inua mikono kidogo, hesabu hata tatu, shusha. Mara 8.

Pumzika kidogo, kisha rudia yote mara ya pili. Siku tatu au nne kwa juma zatosha. Misuli kuchoka si vibaya. Lakini maumivu makali ni alama ya kuacha. Wala usitazamie faida kwa siku mbili: misuli hutaka majuma sita au zaidi.

Wako watu ambao hawafai kuanza kabla ya kuonana na mganga wa zahanati au hospitali: aliyeanguka na kushindwa kuinua mkono, mwenye ganzi au udhaifu wa mkono, mwenye bega lililovimba na kuwa la moto, na yule ambaye kombe lake lachomoza wazi. Tena, maumivu ya bega pamoja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi yaweza kuwa ya moyo: mpelekeni hospitali mara moja.

Mwisho, neno kwa wazazi. Mazoezi ya dakika kumi hayawezi kushinda mzigo wa kutwa nzima. Nusu ndoo safari mbili ni afadhali kuliko ndoo tele kwa bega linalouma. Na vijana wa kiume nyumbani, je, hawajui njia ya kisimani? Wakimsaidia mama yao leo, bega lake litapata nafasi ya kupona.