Kujenga na Kutunza Misuli Uzeeni: Maelezo kwa Wahudumu wa Afya na Familia za Karagwe na Kyerwa

Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, mzee anayeweza kunyanyuka mwenyewe kitini, kwenda msalani bila kushikwa mkono na kufika kwenye migomba yake ni nguzo ya kaya. Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, unawafahamu vizuri mabibi waliolea wajukuu baada ya kuzika watoto wao. Miguu ya bibi kama huyo inapoishiwa nguvu, kaya nzima huyumba. Hata hivyo, udhaifu huo mara nyingi husemwa kuwa ni uzee tu, na mzee huambiwa apumzike. Ushauri huo hutolewa kwa heshima, lakini mapumziko yakizidi humwongezea udhaifu.

Kinachotokea mwilini

Misuli huanza kupungua taratibu baada ya umri wa miaka 30, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Baadhi ya neva zinazoiamrisha misuli hufa, na nyuzi zenye nguvu ya ghafla, zile zinazomsaidia mtu kujizuia asianguke anapojikwaa, ndizo huathirika zaidi. Upungufu huu ukizidi kiasi huitwa sarkopenia. Matokeo yake ni mwendo wa polepole, kuanguka, kuvunjika nyonga na kutegemea wengine.

Kukaa bila kazi huharakisha hali hiyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kuwa wazee wenye afya njema waliolala kitandani kwa siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya tishu isiyo mafuta miguuni, ambayo sehemu yake kubwa ni misuli. Hata watunzaji wa farasi wa kupandwa wanajua kwamba farasi mzee akifungiwa zizini hupoteza misuli ya mgongo na mapaja, na kwamba kazi ya kiasi humsaidia kuihifadhi.

Habari njema ni kwamba misuli ya mzee bado husikia wito wa kazi. Mwaka 1990, watafiti wa Boston walieleza habari za wazee dhaifu 10, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, waliofundishwa kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8, nguvu za waliokamilisha mafunzo zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Kipimo kisichohitaji mashine

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kupima nguvu za miguu nyumbani kwa mzee. Kiti cha kawaida kisicho na mikono huegemezwa ukutani. Kigoda kifupi hakifai. Mzee hukunja mikono kifuani, kisha husimama na kuketi mara 5 mfululizo. Akitumia zaidi ya sekunde 15, au akishindwa kabisa, anahitaji kuangaliwa kwa makini. Kipimo kirudiwe baada ya miezi 2 au 3 ili maendeleo yaonekane.

Mazoezi

Kutembea na kupalilia kuna faida, lakini havitoshi, kwa sababu misuli hukua inapobebeshwa mzigo unaoongezeka. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu pamoja na uthabiti wa mwili siku 3 au zaidi. Nyumbani yanatosha haya: kusimama na kuketi kitini, kuinuka kwa vidole vya miguu huku ameshika meza imara, kupanda na kushuka ngazi moja, na kunyanyua dumu dogo lenye maji. Kila zoezi lirudiwe mara 8 hadi 12, kwa awamu 2. Likiwa jepesi, maji yaongezwe dumuni. Lita moja ni kilo moja. Mzee asibane pumzi.

Chakula

Zoezi bila protini ni sawa na fundi asiye na matofali. Wataalamu wengi hushauri mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mzee wa kilo 50 anahitaji basi gramu 50 hadi 60. Nusu kilo ya ndizi zilizopikwa humpa takribani gramu 5 tu. Vikombe viwili vya maharage yaliyoiva huongeza karibu 30, vikombe viwili vya maziwa 16, na yai moja 6. Jumla ni 57. Dagaa, karanga na senene katika msimu wake husaidia pia. Ndizi zibaki sahanini, lakini maharage yasiwe mchuzi wa kulowanishia tu, na protini igawanywe katika milo yote ya siku. Asiye na meno apondewe.

Tahadhari

Mzee anayekonda haraka achunguzwe kwanza: kifua kikuu, VVU, kisukari na saratani hula misuli. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kushauriana na daktari. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni ishara ya kusimamisha zoezi na kwenda kituo cha afya. Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka hospitali ya Nyakahanga au Isingiro aondoke akijua, pamoja na dozi zake, siku gani aanze kusimama na mara ngapi. Familia nayo ibadili namna ya kumheshimu mzee wake: imwachie kazi anazoziweza, na imkaribie pale tu anapohitaji mkono.