Klabu Tajiri Iliyokufa kwa Deni

Wapenda mpira miongoni mwetu hawajasahau Desemba ya mwaka wa 2015. Mwezi ule TP Mazembe ya Lubumbashi ilikwenda Japani kugombea Kombe la Dunia la Vilabu, na katika mji wa Osaka ikashindwa na América ya Mexico kwa mabao 2 kwa 1. Siku 3 kabla ya hapo, katika mji ule ule, Wamexico hao hao walikuwa wamefungwa kwa hesabu ile ile na Guangzhou Evergrande ya China. Mazembe, iliyozaliwa mwaka wa 1939, inacheza hata leo. Guangzhou haiko tena. Tusimulie habari zake, maana zina fundisho kwa kila mwenye nyumba.

Mwanzo wake

Guangzhou ni mji mkubwa wa biashara, kusini mwa China. Timu ya mji huo iliundwa mwaka wa 1954, ikatunzwa na serikali kama timu nyingine za China za siku zile. Mwaka wa 1993 ilishirikiana na kampuni moja, ikawa klabu ya wachezaji wa kulipwa. Ligi ya kulipwa ilipoanza mwaka wa 1994, Guangzhou ilishika nafasi ya pili. Baadaye ilishuka daraja mwaka wa 1998, ikapanda tena mwaka wa 2007.

Mwaka wa 2010 iliingia aibu. Chama cha mpira cha China kiliishusha daraja, kwa kuwa ilionekana kwamba matokeo ya mchezo wa mwaka wa 2006 yalikuwa yamenunuliwa. Klabu ikawa kama yatima. Ndipo alipotokea mwenye kuichukua: Evergrande, kampuni ya kujenga na kuuza nyumba, ikainunua kwa yuan milioni 100.

Siku za utukufu

Tangu hapo fedha zilimiminika kama mvua. Mwaka ule ule wa 2010 timu ilipanda daraja, na mwaka wa 2011 ikawa bingwa wa China. Haikuachia ubingwa huo hata mwaka wa 2017: miaka 7 mfululizo! Wa nane uliongezwa mwaka wa 2019. Mwalimu wake alikuwa Marcello Lippi, aliyeipatia Italia Kombe la Dunia mwaka wa 2006. Kisha akaja Luiz Felipe Scolari, aliyeipatia Brazili kombe hilo mwaka wa 2002. Mwaka wa 2013 Guangzhou ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Asia, klabu ya kwanza ya China kufanya hivyo katika mashindano hayo tangu yalipopewa sura yake mpya. Mwaka wa 2015 ililitwaa mara ya pili, kwa bao moja tu la Mbrazili Elkeson. Uwanja wa Tianhe ulijaa watu waliovaa nyekundu, na baba walikwenda na watoto wao.

Tena ilifunguliwa shule ya mpira yenye viwanja 50, na mwaka wa 2020 ukaanza kujengwa uwanja wa watu 100,000, wenye umbo la ua la yungiyungi.

Shimo chini ya nyumba

Lakini tuangalie daftari. Katika mwaka ule wa 2015, mwaka wa kombe, klabu ilipata hasara iliyozidi yuan milioni 900. Viingilio vya mashabiki havikutosha hata kidogo. Pengo lilizibwa na kampuni. Na kampuni nayo je? Ilikuwa ikikopa ili kujenga, na kuuza nyumba kabla hazijajengwa. Serikali ya China ilipobana mikopo mwaka wa 2020, mambo yalifichuka: Evergrande ilikuwa na deni lililozidi dola bilioni 300. Mwaka wa 2021 ikashindwa kulipa. Mwaka wa 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru ifilisiwe.

Anguko la baba likawa anguko la mtoto. Wachezaji wakubwa waliondoka, na vijana wakaachiwa mzigo wasiouweza. Mwaka wa 2022 timu ilishuka daraja. Kiwanja cha ule uwanja mkubwa kilirudishwa serikalini. Tarehe 6 Januari 2025 klabu ilitangaza kwamba haikuweza kulipa madeni ya zamani, na kwa hiyo imenyimwa ruhusa ya kucheza. Miaka 71 ikaishia hapo.

Wazee wetu husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Guangzhou daftari ilikuwa nalo, na hasara iliandikwa humo waziwazi. Ila waliolisoma walidhani mfadhili hachoki. Walioumia zaidi si matajiri, bali mashabiki walioshika timu yao tangu siku za umaskini, na vijana waliokuwa wakijifunza mpira kwa matumaini.

Basi, sisi wenye vilabu vidogo vya mitaa, tujiulize jioni ya leo: yule anayetununulia mpira na jezi akiondoka kesho, tutacheza? Kama jibu ni hapana, tuanze kuchanga sasa, hata kama ni faranga chache. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kitakuwa chetu wenyewe.